Kina cha Bwawa

Bwana asifiwe, wapendwa. Kaeni vizuri, na huko nyuma sogeleaneni kidogo wenzenu wapate nafasi. Leo nataka tuzungumze habari za bwawa la kuogelea.

Naam, mmesikia sawasawa. Nawaona wazee wa kanisa hapa mbele wanatazamana, wanajiuliza mchungaji amekunywa chai gani asubuhi hii. Msiwe na hofu. Najua hakuna mtu katika usharika huu mwenye bwawa nyumbani, na kwa jinsi maji ya huku mlimani yalivyo baridi, anayeoga alfajiri bila kuyapasha moto ni shujaa tayari. Lakini nivumilieni. Nimekuja na mfano, na kwa ajili ya mfano huo nimemsumbua fundi mmoja wa mabwawa kwa maswali mpaka akaniuliza kama naacha uchungaji.

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mkazi wa mlimani kama sisi, mjane, mwenye kihamba cha migomba na kahawa. Kazi yake katika maisha yote ilikuwa kupima barabara. Miaka thelathini alitembea na vigingi, kamba na futi, akiwaelekeza wenye matingatinga wapi pakatwe na wapi pajazwe. Na kupima kulikuwa kumemwingia damuni. Alijua hatua ngapi kutoka mlangoni kwake hadi mferejini. Alijua nafasi kati ya mgomba na mgomba. Ukimletea meza mpya atakwambia mguu mmoja umepungua kabla hujaitua chini.

Na kitu alichojivunia kuliko vyote ni ngazi. Nyumba yake ilikaa juu ya kilima kidogo, gari likaishia chini, na kutoka pale mtu anapanda ngazi kumi na nne za mawe ya kuchonga. Alizijenga mwenyewe baada ya kustaafu, jiwe moja moja. Wageni walikuwa wakifika juu wanahema, wanasema, "Mzee, hizi ngazi!" Naye anatabasamu kama mtu aliyeshikwa mkono na rais.

Sasa shida yake ilikuwa moja, na shida yenyewe ilikuwa mwezi wa Desemba. Ninyi ni watu wa huku, sihitaji kuwaeleza. Desemba kila aliye mbali anapanda mlima kurudi kwao. Magari yanapanga foleni, ndizi zinachomwa, mbuzi wanapiga kelele za mwisho, na ua usio na gari la mtoto aliyetoka mbali unaonekana hata na aliye ng'ambo ya korongo. Basi, ua wa mzee huyu ulikuwa mtupu Desemba nne mfululizo. Jirani yake, mtu asiye na ubaya ila ana mdomo, alikuwa akichungulia juu ya uzio wa masale na kuuliza, "Wako wanafika lini?" Mzee anajibu, "Wako njiani." Mwaka wa nne aliona aibu kujibu, akawa anaingia ndani akimwona jirani anakuja.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alikuwa Dar es Salaam na watoto wake wawili. Wa pili, wa kike, alikuwa Dodoma na mtoto mmoja, binti wa miaka sita. Mzee alimwona mjukuu huyo mara moja tu, akiwa na miezi minane, siku walipomzika bibi yake.

Na Desemba hao wote walikwenda wapi? Walikwenda pwani, hotelini! Wala hawakuficha. Walimtumia mzee picha kwenye simu. Bwawa la buluu, miavuli, wajukuu majini wanacheka. Kale kabinti kako majini, maji yamekafika kifuani, kamenyoosha mikono juu. Picha nyingine kamekaa kwenye mapaja ya mama yake. Nyingine kamepakatwa na mjomba wake. Nyingine tena majini.

Zikumbukeni picha hizo, tutazirudia. Mzee alizitazama mara nyingi kuliko nilivyozisimulia hapa, lakini alichokiona ndani yake ni bwawa.

"Kumbe ni bwawa," alisema peke yake jikoni. "Nyumba ya baba haina bwawa, basi haifai." Iliuma. Alikasirika siku mbili, na siku ya tatu akakata shauri. Kama ni bwawa wanalolifuata, atawachimbia bwawa. Tena si bwawa tupu. Ataweka na jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto linalotoa mapovu, ili wakifika na ubaridi wa mlimani wasipate neno la kusema. Akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akachora nyuma yake. Ua wa nyuma wa nyumba aliujua kwa sentimita. Akachora shimo, akachora jakuzi pembeni, akachora hata viti. Halafu akamtafuta fundi.

Fundi aliyekuja alikuwa mama wa makamo, amevaa buti zenye tope na kofia ya jua, na kalamu ameichomeka sikioni. Mzee alimwangalia kidogo, maana alitegemea mwanamume. Lakini fundi alipotandaza futi lake na kusema, "Mzee, huku kwako kunashuka kuelekea kaskazini, si ndiyo?" mzee akafurahi. Amepata mtu wa lugha yake.

Wapendwa, mnajua bwawa linapangwaje? Mimi sikujua. Nilidhani unachimba, unapaka saruji, unafungulia maji, basi. Sivyo! Fundi alianza kwa kutazama juu. Akauliza, "Ule mparachichi unapukutisha majani mwezi gani?" Maana majani yakiingia majini yanaziba chujio. Akachukua udongo, akauminya kiganjani, akanusa. Akauliza shimo la choo liko wapi, na la jirani je. Akauliza jua linapiga ua huu kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Akasema kwa baridi ya huku bwawa litahitaji kifuniko usiku kama mtoto anavyohitaji blanketi.

"Na maji?" akauliza.

"Mfereji," mzee akasema. "Zamu yangu ni Jumatano."

Fundi akacheka. "Mzee, bwawa hili litakunywa Jumatano zako zote mpaka Pasaka, na migomba yako itakushtaki kwa mwenyekiti wa mfereji. Tutavuna maji ya mvua kwenye bati."

Mzee naye akacheka. Alikuwa hajafurahi hivyo siku nyingi. Kila swali alilijibu. Mteremko anaujua, jua analijua, majani anayajua. Kama mtihani, alikuwa anaelekea kupata mia kwa mia.

Hapo fundi akachomoa kalamu sikioni, akafungua ukurasa mwingine wa daftari lake. "Haya. Sasa tuje kwenye kina. Watakaoingia ni akina nani?"

"Wajukuu zangu watatu, na wazazi wao."

"Mfupi kuliko wote ana urefu gani?"

Mzee akanyoosha kiganja, akakiweka usawa wa kiuno chake. Akakiangalia. Akakipandisha kidogo. Akakishusha. Kiganja kikabaki kinaelea hewani pale, hakina pa kutua.

"Ni wa miaka sita," akasema.

"Miaka sita wako wa aina nyingi, mzee. Anajua kuogelea?"

"Nafikiri... anapenda maji."

"Anaogopa akizama uso?"

"Sijui."

"Kuna mwenye shinikizo la damu? Mjamzito? Jakuzi si mchezo, maji ya moto yanawadhuru watu wa namna hiyo."

"Sijui."

"Ngazi za kuingilia majini unataka za kawaida, au kuna mtu asiyepanda ngazi vizuri?"

"Huyo hayupo," mzee akasema haraka, akifurahi kupata jibu moja. Kisha akahamaki. "Mama, umekuja kuchimba au umekuja kunihoji?"

Fundi hakukasirika. Akasema, "Kuchimba ni siku chache tu, mzee wangu. Lakini nikikuchimbia kina nilichokibuni, nimekuchimbia shimo la maji. Waulize wenyewe. Jumatatu nakuja na vijana wa sururu."

Akaenda zake. Mzee akabaki na kalenda yake mkononi.

Wewe uliyekaa hapo, wewe uliyenitazama sasa hivi, hebu nikuulize. Mtoto wa mwanao aliye mbali, urefu wake ni upi? Nyoosha kiganja chako. Usimtazame mwenzio, nyoosha cha kwako. Kitatua wapi? Ada ya shule yake unaijua. Darasa lake labda unalijua. Je, usiku analala taa ikiwaka au imezimwa? Nawauliza tu, maana na mimi nilijaribu nyumbani, mke wangu akanicheka.

Basi mchana ule mzee alichukua simu, akakaa kwenye ngazi yake ya juu kabisa, mahali penye mtandao mzuri. Alimpigia kwanza mwanawe wa Dar es Salaam.

"Baba! Kuna usalama?"

"Usalama upo. Nataka urefu wa watoto wako."

"Urefu, baba?"

"Urefu! Wa kwanza anakufikia wapi?"

Mwanawe akacheka, akawaita watoto, akawasimamisha ukutani, na mzee akasikia vurugu, huyu anasema mwenzake amesimama kwa vidole, yule anakataa. Akaandika vipimo viwili. Akajikuta hataki kukata simu. Ila alipomuuliza mwanawe habari za yule binti wa dada yake, ana urefu gani hivi, kijana akawa mzito ghafla. Akasema, "Huyo muulize dada mwenyewe, baba. Muulize taratibu."

Kwa nini taratibu? Mzee alijiuliza huku akibonyeza namba ya Dodoma.

Binti yake akapokea, wakasalimiana. Mzee akaeleza, mwanangu nachimba bwawa, na jakuzi, Desemba hii sitaki kusikia habari za pwani, nipe urefu wa mjukuu wangu fundi apate kina.

Mzee akadhani mtandao umekatika. "Haloo?"

"Nipo, baba," akasema. "Unataka urefu wake akisimama au akikaa?"

"Mtu anapimwa amekaa? Akisimama, bwana!"

"Baba, mtoto hasimami."

Nyamazeni kidogo tumsikie mzee. Mzee alisema, "Hasimami vipi?"

"Hasimami. Hajawahi kusimama. Miguu yake haimbebi. Anatumia kiti cha magurudumu."

"Tangu lini? Na kwa nini mimi sikuambiwa?"

"Nilikuambia, baba." Sauti ya binti haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma mzee. "Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu nilikupigia. Nikasema, baba, mtoto hasimami, nina wasiwasi. Ukaniambia hata kaka yako alichelewa, atatembea tu. Halafu ukaniambia umemaliza ngazi. Ukanieleza jiwe la mwisho lilivyokutoa jasho."

Wapendwa, siku ile mzee aliikumbuka. Aliikumbuka vizuri kabisa! Aliukumbuka uzito wa jiwe, rangi yake, na kidole kilichobanwa. Alikuwa amelikalia jiwe lenyewe saa hiyo, na simu sikioni. Lakini sentensi ya binti yake hakuikumbuka hata neno moja. Ilikuwa imepita tu.

"Mbona hukuniambia tena?" akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hukuuliza tena, baba. Na nilifikiria zile ngazi kumi na nne. Nikamfikiria mtoto anabebwa mgongoni kama gunia, na majirani wamejipanga kwenye uzio wanatazama, na wewe unaona aibu. Kaka akasema basi, Desemba tutakwenda wote mahali pasipo na ngazi, mtoto asiachwe nyuma."

Mzee alitaka kusema asingeona aibu. Akajikagua moyoni, hakuwa na uhakika. Aliona aibu nyingine, ile ya kuwasema watoto miaka minne kwamba wanapenda anasa.

"Na lile bwawa la hotelini?" akauliza.

Hapo sauti ya binti ikabadilika, ikachangamka. "Baba, majini anasimama! Maji yakimfika kifuani hapa, miguu inakuwa haina uzito, anasimama mwenyewe. Hatumshiki! Yakipungua kidogo anaanguka, yakizidi anaogopa. Lazima yafike hapo hapo. Hata mtaalamu wa mazoezi alituambia maji ya vuguvugu yanamfaa sana. Mwaka mzima anahesabu siku za kwenda kusimama."

Mzee alimuaga binti yake, akafungua zile picha. Mjukuu majini, maji kifuani, mikono juu. Mjukuu amepakatwa. Mjukuu mapajani. Hakuna picha hata moja ya mjukuu aliyesimama nchi kavu. Miaka minne alikuwa nazo mfukoni mwake. Mpima barabara mzima! Mtu anayeona mguu wa meza uliopungua!

Alilia pale kwenye ngazi. Na jirani akachungulia juu ya masale, akamwona, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Jumatatu fundi akafika na vijana wanne wenye sururu, wakapanda ngazi wakihema, wakamkuta mzee anawasubiri juu na kamba yake ya zamani ya kazini.

"Umepata vipimo?" fundi akauliza.

"Bwawa lingoje," mzee akasema. "Tunaanza na ngazi."

Fundi akageuka akazitazama. "Ngazi zina nini? Ngazi ni nzuri hizi, mzee."

"Ni nzuri. Zivunjeni."

Vijana wakatazamana. Mzee akawaeleza habari zote, bila kujipamba, na alipomaliza akasema jambo ambalo fundi alinisimulia hivi hivi, ikabidi niliandike: "Miaka thelathini nimekata vilima vya nchi hii ili malori ya pamba yapande bila taabu. Lori lilinitia huruma. Nikastaafu, nikaja nikaweka kilima mlangoni kwangu."

Nimesema nini? Nimesema fundi alinisimulia? Haya, mmenikamata. Nilisema ni mfano. Chukueni kama mfano.

Kazi ya ule mteremko mzee aliisimamia mwenyewe. Kwa kila hatua moja ya kupanda, hatua kumi na mbili za kwenda mbele. Hakukubali kupunguza. Njia ikazunguka kwenye kahawa, ikapita ubavuni mwa zizi, migomba saba ikakatwa, ikafika mlangoni bila jiwe la kujikwaa. Mawe ya ngazi yakatumika kuwa kingo. Ukizunguka njia yote ni kama mita thelathini, na mgeni anayefika juu siku hizi hahemi, kwa hiyo wala hasifu. Mzee hana wa kumwambia "hizi ngazi" tena.

Desemba ikafika. Magari mawili yakasimama chini. Jirani alikuwa kwenye uzio wake mapema, na masikio ameyasimamisha. Yule mjukuu wa Dodoma akateremshwa, akakalishwa kwenye kiti chake, akaitazama ile njia. Kisha akaanza kusukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Binamu zake walitaka kumsaidia akawafokea. Alipumzika mara mbili kwenye kahawa. Akafika juu uso umeloa jasho, akamkuta babu yake amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo, babu. Bwawa liko wapi?"

Watoto! Hawajui kuzungusha maneno.

Mzee akamwongoza nyuma ya nyumba. Palikuwa na kamba nne na vigingi vyake chini ya anga, na majani yasiyokatwa katikati. Hakuna shimo.

"Hujachimba?" mtoto akasema, na mdomo ukaanza kucheza.

"Sikujua kina," mzee akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Akatoa futi lake mfukoni. Mama wa mtoto akamshika upande mmoja, mjomba upande mwingine, wakamnyanyua akasimama wima kwenye majani. Mzee akapiga magoti. Magoti ya wastaafu mnayajua, yanalia. Akaweka mwanzo wa futi kwenye unyayo wa mtoto, akalipandisha taratibu kwenye shavu la mguu, kwenye goti, kwenye nyonga, mpaka kifuani. "Hapa?" akauliza. "Juu kidogo, babu," mtoto akasema. "Hapo."

Sentimita themanini na moja. Akaandika nyuma ya kalenda. Kisha akaongeza maelezo kwenye mchoro wa fundi, kwamba sakafu ya bwawa iteremke kidogo kidogo sana kuanzia kipimo hicho, ili kila mwaka mtoto akirefuka asogee hatua moja mbele, maji yaendelee kumfika pale pale.

Mtoto akamtazama. "Babu, mbona unalia? Umekosea kupima?"

"Nilikosea zamani," mzee akasema. "Leo nimepata."

Wapendwa, mfano wangu umeishia hapo. Sasa ni zamu yetu.

Mzee huyu hakuwa mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, tungemlaani tukaenda kula. Alikuwa mtu mwenye upendo, tena upendo wenye mikono, unaochimba na kujenga. Kasoro yake ni kwamba alipenda kwa kukisia. Na sisi je? Mume unamnunulia mkeo kitenge kila Krismasi, je, umewahi kumuuliza anachoka saa ngapi? Mama unamwombea mwanao kila siku asubuhi, umemuuliza umwombee nini? Bwana wetu mwenyewe, aliyejua yaliyo moyoni mwa kila mtu, alikuwa na desturi ya kumuuliza mgonjwa anataka afanyiwe nini. Alijua, na bado akauliza. Sisi tusiojua ndio hatuulizi.

Na msidhani nawapiga ninyi peke yenu. Mwezi uliopita kamati ya ujenzi, na mimi nikiwa nimekaa kichwani mwa meza, tumekubaliana kujenga mnara mpya wa kengele. Mchoro ni mzuri. Tumejadili vigae, tumejadili rangi, tumebishana jioni mbili nzima juu ya umbo la msalaba wa juu. Tunataka kengele isikike hadi ng'ambo, ili watu waje kanisani.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, nilikwenda nikasimama pale mlangoni, nikahesabu. Mlango wa kanisa letu una ngazi ngapi? Nani anajua? Mzee Kiongozi, unajua? Mmezipanda maisha yenu yote. Ni tisa.

Bibi Aikande mnamfahamu. Aliimba sauti ya pili katika kwaya hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Miaka minne sasa kila tukisoma majina ya wagonjwa tunamsoma yeye, na kila mwezi tunampelekea Chakula cha Bwana nyumbani, tunaomba, tunaondoka kwa haraka maana kuna wengine. Juzi nilikwenda. Baada ya kuuandaa mfano huu niliona haya kwenda na sala tupu, nikamuuliza. Nikasema, "Bibi, unakosa nini?"

Akasema, "Mchungaji, ninyi ndio mnaoniita mgonjwa. Mimi ni magoti tu. Kengele naisikia kila Jumapili, navaa, nakaa kitandani nimevaa mpaka mtoke. Nakosa kukaa kati ya watu wanaoimba vibaya."

Nikamwomba ruhusa nimtaje leo, akakubali. Akasema, "Watajie na ngazi."

Sasa hivi amevaa. Amekaa kitandani kwake, mita mia tatu kutoka hapa, anasubiri tutoke. Bibi Aikande haumwi, ndugu zangu. Ana ngazi tisa.

Fundi yule wa mabwawa nimempigia simu. Anakuja Jumatatu, anauliza nani ataleta sururu.